Mwambie jirani aguse vitu vyako

Mwaka wangu wa kwanza Mwanga, hapa Kigoma, nilianika uani ndoo mbili za dagaa nilizonunua alfajiri Kibirizi, nikaenda sokoni. Mvua ya Novemba haipigi hodi. Niliporudi wamelowa chapachapa, na dagaa akilowa akiwa nusu mkavu hana mteja isipokuwa mwenye kuku. Jirani alikuwa kwake muda wote. Wingu aliliona.

Nilinuna siku tatu. Ya nne nikamuuliza. Akanijibu taratibu, "Mwanangu, ningewaanua, jioni ukaona wamepungua, ungemtaja nani?"

Nilikosa jibu, maana najijua.

Ndiyo maana maneno ya "majirani tusaidiane" hayanishtui. Wengi wetu tungesaidia, ila tunaogopa lawama. Basi toa ruhusa mapema, tena kwa mdomo: "Ukiona wingu, anua. Beseni liko nyuma ya mlango." Wakipungua konzi moja, nyamaza. Mimi nimejizoeza, sikuzaliwa hivyo.

Ugumu wa kwetu ni kwamba kazi huja kwa mkupuo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikua, mitumbwi inapumzika. Siku za giza kila nyumba ina mzigo, utamwomba nani? Nyumba zetu tatu tuliishia kupeana zamu: mmoja anabaki kugeuza dagaa wa wote na kuangalia watoto, wawili wanakwenda sokoni. Ila kila mtu na chanja yake. Usichanganye mzigo, hata na ndugu yako wa tumbo moja.

Siku za mbalamwezi tunakamua mawese, na hapo kuchanganya hakukwepeki. Kila mtu akichemsha chikichi zake kwenye sufuria yake, kuni zinakwisha bure. Pipa moja la pamoja linatosha, na kutwanga kunakwenda upesi mkiwa watatu. Kwa hiyo tunapima kwa debe moja, mbele ya wote, kabla chikichi hazijaingia pipani. Mwenye madebe mawili na mwenye moja wanajulikana, mafuta yanagawanywa hivyohivyo. Mwanzoni tulikadiria kwa macho. Tulisemana wiki nzima kwa ajili ya chupa moja.

Vitu vya kuazimana ni rahisi zaidi. Toroli langu lilirudi na pancha, nikaziba mwenyewe huku nikiguna. Tangu hapo tumekubaliana kwamba likiharibikia mkononi mwako, unatengeneza wewe. Pesa hatuweki pamoja. Anayetaka kikoba aende kwenye kikoba.

Juzi wingu lilitanda upande wa Kongo nikiwa sokoni. Nilibakiwa na mafungu manne, nikakaa mpaka nikayauza yote.