Yaya wa Kazi: Miaka 12 kwa patroni mmoja, sasa wameniita intaviu

SWALI

Yaya, ndugu yetu mkubwa wa kutujibu mambo ya kazi, jambo sana. Mimi naishi Katuba, hapa Lubumbashi, niko magazinie, mwenye kutunza depo ya vitu, kwa kampuni moja ya kuuza vipuri vya malori hapa mjini, nimefanya miaka 12 kwa patroni mmoja tu. Kule niliingiaka bila intaviu, mjomba alinipeleka asubuhi, patroni akaniangalia akasema aanze na kubeba makatoni, saa sita niko ndani ya kazi. Sasa nimetuma dosie kwa kampuni yenye inafanyia kazi migodi ya upande wa Kolwezi, wameniita wiki ijayo, intaviu na testi ya kuandika. Kila nikijaribu kujieleza naona miaka 12 yote inaisha kwa mstari mmoja: nilikuwa napokea vitu, natoa vitu. Na wakiniuliza juu ya nini natoka? Ukweli ni kwamba mshahara haupande na mtoto wa patroni ndiye anatuamrisha siku hizi. Niseme vile? Na bei yangu niseme ngapi?
Baba Mapasa, Katuba

JIBU

Baba Mapasa, jambo, na mapasa wako salama? Tuanze na ule mstari wako mmoja juu shida yote iko pale. Jioni ukisha kula bukari chukua daftari ya watoto, andika kila kitu chenye ulikutana nacho mule depo. Uliingia ukibeba makatoni na leo unashika funguo, nani alikupa funguo na alikuona na nini? Depo iko na aina ngapi za vipuri? Mwisho wa mwaka mkihesabu, hesabu ya kwenye fishi, zile karatasi za stoki, na ile ya kwenye etajeri zinapatanaka? Wale vijana walioingia kisha wewe, nani aliwafundisha kusoma namba za vipuri? Ukijaza kurasa tatu hivi, chagua mambo manne tu na ujizoeze kuyasimulia kwa sauti, kwa Kifaransa, mama mapasa akikusikiliza. Mule depo tunaongea Kiswahili mchana kutwa, kisha mbele ya komisioni, wale wenye kukuuliza, Kifaransa kinagoma kutoka, nimeona watu wazuri sana wakianguka pale.

Na useme "mimi". Watu wa kwetu kwa sababu ya adabu tunasemaka "tulifanya, tulipanga", yule mwenye kuuliza anabaki hajui kama wewe ulipanga ao ulikuwa unashika tochi. Si majivuno. Wakikuambia utueleze siku stoki ilikosa, usijibu eti uko mtu wa kuaminika, kila mtu anasemaka hivyo, hata mwizi. Jibu namna hii, kama kweli ilikupata: filtre za mafuta zilikuwa zinapungua kila mwezi, nikaona mafundi wa garaji wanachukua kwa mdomo bila karatasi, nikakataa kutoa hata moja bila bon yenye saini ya shefu wao, mwanzoni walinitukana, kisha hesabu ikapatana. Sekunde chache tu, na wamekuona ukifanya kazi.

Testi ya kuandika, wanapendaka kuuliza mambo yenye unafanya kila siku bila kuyapa jina. Kile cha kwanza kuingia ndicho cha kwanza kutoka, unajua. Stoki ya chini pia unajua: kama saiti inatumia filtre 10 kwa wiki na commande inachelewa wiki 3, unaagiza mbele ya kufika 30, na unaongeza akiba juu njia ya Kolwezi unaijua malori yanavyosimama. Eksel kidogo, kujumlisha na kupanga safu, tafuta kijana wa mtaani akuonyeshe jioni mbili. Na mambo ya usalama hayakosi kwa watu wa migodi: ukiona mwenzako anaingia bila kofia utafanya nini? Jibu ni unamsimamisha, hata kama ni shefu, kisha unaripoti.

Sasa ile ya juu ya nini unatoka. Mtoto wa patroni muache nyumbani kwao, usimtaje hata kwa kicheko. Lubumbashi hii ni ndogo, yule anayekuuliza anaweza kuwa anasali na shangazi ya huyo mtoto kila Jumapili. Sema ukweli mwingine, juu ukweli uko mwingi: depo ile umeshaifahamu pembe zote, unataka stoki kubwa zaidi na kazi ya migodi. Basi, unyamaze. Mwenye kueleza sana anaonekana anakimbia kitu.

Watakuuliza utaanza lini na hapa wengi wanajibu haraka "hata kesho!", wakifikiri inapendeza. Komisioni inasikia: huyu na sisi atatuacha vile vile. Sheria ya kazi ya 2002 inahesabu preavi, zile siku za kujulishana mbele ya kuachana, hivi: patroni akikutoa anakupa angalau siku 14 za kazi na 7 kwa kila mwaka mzima, kwa miaka 12 ni 98, wewe ukitoka mwenyewe ni nusu, 49. Kama kontra yako iko ya maitrise, ile ngazi ya wasimamizi, soma na konvensio, yale mapatano ya mapatroni na wafanyakazi, inaweza kuwa ndefu zaidi. Sema hiyo hesabu kwa utulivu, na uongeze kwamba unaweza kuongea na patroni akuachilie mbele. Siku ukitoka udai setifika ya kazi, inapasa uipate ndani ya siku mbili za kazi, na namba yako ya CNSS, ile kasha ya pansio, iwe mule.

Bei: uliza kwanza ni brute, mbele ya kukatwa, ao nette, ile ya kuingia mfukoni, juu CNSS peke yake inakata 5% upande wako, na kodi ya mshahara inakuja tena. Uliza transporti, nyumba, hospitali ya familia, na kama utalala saiti. Kisha sema kati ya hii na hii, ile ya chini iwe yenye ukipewa hutanung'unika.

SWALI FUPI

Yaya, niko sekretari wa shule Ruashi, miaka 9. Naomba vipi ruhusa ya kwenda intaviu bila direkta kujua?
Mama Nadine

JIBU

Mama Nadine, chukua siku moja ya konje yako ya mwaka, ile likizo, useme uko na mambo ya binafsi, yatosha. Omba pia kampuni ikupatie saa ya asubuhi sana, wengi wanakubalaka. Tafadhali usiseme kilio, eti shangazi amekufa. Shangazi ni yule mmoja na direkta alishatoa mchango wa kilio chake mara mbili.