Falstaff wa Elgar: subiri mpaka alale

Ndugu, umeuliza kama kuna muziki wa okestra unaomchora Falstaff, yule mnene mcheshi wa Shakespeare, bila mtu yeyote kuimba. Upo: "Falstaff" wa Mwingereza Edward Elgar, uliopigwa mara ya kwanza Leeds mwaka 1913. Ni zaidi ya nusu saa. Elgar alimchukua Falstaff wa tamthilia za Henry IV: mlevi, mwongo, swahiba wa mwana wa mfalme. Utamtambua tangu mwanzo kwenye selo na basuni, sauti nzito zinazotembea kama mtu mwenye kitambi.

Lakini subiri alale. Fidla moja inapiga peke yake, taratibu, naye anaota utoto wake alipokuwa mtumishi wa Duke wa Norfolk. Mimi hapo hunyamaza kabisa, kila mara. Mzee tuliyekuwa tunamcheka kumbe naye aliwahi kuwa mtoto mwepesi!

Kisha Hal, yule mwana wa mfalme, anatawazwa na kumkana mbele za watu. Falstaff anakufa bila kishindo: ngoma ndogo inalia, nyuzi zinadonolewa mara moja kwa sauti ya chini, basi.