Mwenye mpira hatolewi: jinsi ya kumfundisha mtoto sheria na utawala wa haki akiwa nyumbani

Mwulize mtoto wa darasa la nne rangi za bendera ya Taifa, atakutajia zote nne na maana zake bila kupumua. Mwulize mihimili ya dola, atakuimbia Bunge, Serikali na Mahakama. Nilifundisha Uraia na Maadili shule ya msingi kwa miaka kadhaa, na majibu hayo nimeyawekea vema nyingi sana. Sasa mwulize mtoto huyohuyo: ukiadhibiwa kwa kosa ambalo hukulifanya, unatakiwa ufanye nini? Wengi walikuwa wakinijibu kwa neno moja tu. Unanyamaza.

Bendera na wimbo wa Taifa shule itawafundisha, wala msihangaike navyo. Kazi yetu wazazi na walezi ni ile ambayo haitoki kwenye mtihani: mtoto ajue sheria ikoje inapomwangukia yeye mwenyewe. Hilo anajifunzia nyumbani, hasa siku anapohukumiwa. Kama nyumbani mkubwa ndiye anayetunga sheria, ndiye anayekamata, ndiye anayehukumu, na yeye mwenyewe hashikiki, mtoto ameshapata somo lake la utawala hata kabla ya kujua Katiba ni kitu gani.

Wala wazo hilo si geni kwao. Kila uwanja wa mtaani una yule mwenye mpira. Anapanga timu, anachagua upande wenye wachezaji wazuri, akiunawa anasema hajanawa, na akifungwa anachukua mpira wake anakwenda kwao. Kila mtoto anajua kwamba mwenye mpira hatolewi, na kila mtoto anaona uchungu wake. Ukitaka kumweleza mtoto wa miaka saba kwa nini mtu mmoja asishike madaraka yote, anzia hapo. Mwulize: je, mngefanyaje ili hata mwenye mpira atoke akikosea? Wangu walikuja na jibu la kuchanga hela wanunue mpira wa wote. Nikawaambia basi, mmeshaelewa maana ya mali ya umma.

Karatasi ya wapiga kelele

Tuliosoma shule hizi zetu tunaijua. Mwalimu anatoka, monita anabaki mbele na kipande cha karatasi. Anayeongea anaandikwa. Akiendelea anawekewa alama ya kujumlisha pembeni ya jina, ya pili, ya tatu, na mwingine anaandikiwa kabisa "kelele mno". Mwalimu akirudi anasoma orodha, walioandikwa wanasimama, fimbo inatembea. Hakuna anayeulizwa kitu. Mapumziko yakifika, mwenye kashata anammegea monita na jina lake linafutwa kabla kipindi hakijaanza. Aliyegombana na monita jana anaandikwa hata kama hakufumbua mdomo.

Ukiitazama vizuri, kipande kile kidogo kina kila kitu: mtu ambaye hakuchaguliwa na anaowasimamia, mshtaki ambaye ndiye shahidi pekee, mshtakiwa asiyesikilizwa, na rushwa ya kashata. Watoto wanakaa humo kila siku halafu tunawafundisha "utawala bora" kwa kuwaandikia ubaoni wanakili.

Darasani kwangu karatasi niliiacha ibaki, ila nikabadilisha utaratibu. Monita alichaguliwa kwa kura ya siri, kwa muhula mmoja. Jina lililoandikwa lilihitaji shahidi wa dawati jingine. Na aliyeandikwa alipewa nafasi ya kusema kabla sijaamua lolote. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu tupu, kila mtu anataka kuwa shahidi, na mmoja akajifanya wakili wa darasa zima. Kelele hazikuisha, nisiwadanganye. Biashara ya kashata ndiyo iliyokufa.

Mzazi huwezi kuingia darasani kubadilisha utaratibu wa mwalimu, lakini swali unaweza kuuliza. Badala ya "leo mmesoma nini?", ambalo jibu lake ni "hatujasoma kitu", uliza: leo nani aliandikwa? Aliulizwa kabla ya kuadhibiwa? Ilikuwa haki? Mtoto atakaa akusimulie mpaka chai ipoe.

Kuna jambo jingine la shule ambalo watoto wanashangaa sana wakiambiwa. Hata fimbo ina sheria. Kanuni za adhabu ya viboko za Tanzania za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, mkuu wa shule ndiye mwenye mamlaka ya kuvitoa au kumruhusu mwalimu mwingine, na adhabu iandikwe kwenye kitabu maalumu. Mimi viboko sivipendi, lakini huo ni mjadala mwingine. Ninachotaka kusema ni kwamba mtoto mmoja niliyemweleza hayo alinikazia macho akauliza, "Kumbe na walimu wana sheria zao?" Swali hilo lina uraia mwingi kuliko ukurasa mzima wa maana ya rangi za bendera.

Sheria za nyumba

Katiba yetu ya mwaka 1977 ipo kwa Kiswahili, na Ibara ya 13 inasomeka vizuri kabisa hata na mtu asiyejua sheria. Ibara ya 13(6) inasema mtu apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, aweze kukata rufaa, asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, na asiadhibiwe kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa. Mimi nimezichukua hizo nikaziingiza sebuleni. Huna haja ya kumsomea mtoto wa miaka sita. Mfanyie tu.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowapendeza kuliko zote. Wanangu walijenga kibanda uani kwa kanga zangu za kutokea, moja wakaifunga kwenye mti wa mpera ikachafuka utomvu na udongo. Hasira nilikuwa nazo za kutosha. Lakini hakuna siku nyumba hii imewahi kusema kanga zisiguswe. Basi hukumu ikawa hivi: adhabu hakuna, kufua mtafua, na kuanzia leo ni sheria kwamba kanga za kabatini haziguswi bila kuomba. Tuliiandika wote tukiwa pale. Yule mdogo alifua huku akiniambia kwa sauti ya juu kwamba hafui kama adhabu, anafua kwa sababu imechafuka. Nikamwambia umesema sawasawa, mheshimiwa.

Sheria za nyumba ziwe chache, zijulikane mapema, na kila moja iwe na sababu ambayo mtoto anaweza kuirudia kwa maneno yake. Kubwa zaidi, zimbane na aliyezitunga. Kwetu kuna sheria ya kutoshika simu mezani wakati wa kula. Walioitunga ni watoto wenyewe, na baba yao ndiye aliyekuwa wa kwanza kunaswa. Akajitetea kwamba ni simu ya kazi. Wakamsikiliza, wakauliza ni nani aliyepiga, wakakuta ni kundi la mpira. Akaosha vyombo usiku ule, akiwa na kanzu yake, na mpaka leo watoto wanaikumbuka ile kanzu kuliko kitu chochote nilichowahi kuwafundisha kuhusu usawa mbele ya sheria.

Na usawa huo usiishie kwa wenye nyumba. Watoto wanajifunza uraia kwa kumtazama dada wa kazi anavyotendewa. Kikipotea kitu, ni yeye anayetajwa kwanza? Glasi ikivunjwa na mgeni ni bahati mbaya, ikivunjwa na dada ni hasara ya kukatwa mshahara? Ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Ni sentensi fupi, mtoto anaweza kuikariri kwa dakika moja, lakini kama dada anakula jikoni amekaa kwenye kigoda huku ninyi mko mezani, usijisumbue kuifundisha.

Serikali iliyo karibu

Kosa tunalofanya ni kuanzia Ikulu. Mtoto mdogo anaijua serikali aliyoiona, na ya kuona ni ile ya mtaa. Siku ukienda kufuata barua ya utambulisho, nenda naye. Mwoneshe kwamba mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na majirani, na mtendaji ameajiriwa na halmashauri. Wangu alivutiwa na mhuri. Akauliza nani kampa mwenyekiti. Nikamjibu kwamba ni sisi, tulipanga foleni tarehe 27 Novemba 2024, na baada ya miaka mitano tunapanga tena. Akauliza kama unaweza kunyang'anywa. Watoto wana njia yao ya kufika kwenye kiini cha mambo.

Kijijini ni rahisi zaidi, kwa sababu mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unatakiwa kuitishwa walau kila baada ya miezi mitatu. Mpeleke mtoto akae pembeni asikilize mapato na matumizi yakisomwa. Atachoka, ataomba kwenda kucheza, mwachie. Atakuwa ameshaona mtu mzima akisimama mbele ya watu kueleza hela imekwendaje, na mwingine akinyoosha mkono kusema hajaridhika.

Halafu tuangalie na lugha yetu. Tukipita kwenye daraja jipya tunasema "Serikali imetuletea daraja," kama vile ni zawadi ya harusi. Mtoto anakua akidhani barabara ni fadhila ya mtu. Sema limejengwa kwa kodi zetu. Ukimtuma dukani biskuti, mwoneshe kwenye risiti ile kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 huku Bara, mwambie hata wewe umechangia. Ile kauli ya "ukinunua dai risiti" inapata maana pale mtoto anapojua hela yake imo ndani.

Mambo magumu yatakuja bila kualikwa. Kwenye daladala ataona konda akishuka na kuingiza noti mkononi mwa mtu mwenye sare, kisha gari linaondoka limejaza vilevile. Atauliza kwa sauti, na abiria wote watageuka kukutazama wewe. Usimwambie anyamaze. Mwambie, tena kwa sauti ileile, kwamba hiyo ni rushwa, imekatazwa na sheria kwa anayetoa na anayepokea, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba 113 ya kupiga bure. Mkifika nyumbani ndipo muongee vizuri kwamba sare si mbaya, askari wengi wanafanya kazi yao, na kosa la mmoja halimfanyi kila mwenye sare kuwa mwizi.

"Watakuwa wabishi"

Hili naambiwa kila nikiongea na wazazi wenzangu, na kwa bibi mzaa baba wa wanangu ndilo shtaka namba moja dhidi yangu. Ndiyo, watabisha. Mtoto aliyezoea kusikilizwa atakuuliza sababu, na kuna jioni umechoka hutaki kusikia neno "kwa nini". Lakini kubisha kuna adabu zake, na hizo nazo zinafundishwa: unasubiri mwenzako amalize, shikamoo haisamehewi hata kama una hoja, na huinui sauti kwa mkubwa. Heshima haijawahi kuuawa na swali lililoulizwa kwa utaratibu.

Pia si kila kitu kinapigiwa kura. Kuvuka barabara, dawa, moto na kwenda shule hatuvijadili, na nawaambia wazi kwamba hayo naamua mimi na baba yenu, sababu tutawaeleza baadaye mkiwa mmefika salama. Mtoto hapati shida na mpaka ulio wazi. Anapata shida na ule unaohama kila siku kulingana na umeamkaje.

Kuhusu rufaa, kwetu zinakatwa kwa bibi, kwa simu, mara moja kwa shauri moja. Mlalamikaji anaeleza, mimi naeleza, bibi anaamua, na uamuzi wake nautii hata ukinikera, kwa mfano ule wa kurudisha katuni za Jumamosi asubuhi. Tulilazimika kuongeza sharti moja tu baada ya kugundua kwamba walikuwa wanampigia kabla kesi haijasikilizwa hapa nyumbani, wakianza na "Bibi, umekula? Tumekukumbuka sana." Sasa hivi rufaa inapokelewa ikiwa kuna hukumu, na mazungumzo ya kumkumbuka bibi yanafanyika siku nyingine.