Mama alivyofundisha mbege Makerere

Wiki hii mmeuliza maonyesho ya sanaa ya vyuo vikuu yana faida gani kwa mtu ambaye si mwanachuo. Mi nauza vipuri vya pikipiki hapa Moshi, sanaa sijasomea, ila hili swali limenigusa kabisa.

Mwaka juzi mdogo wangu alikuwa anamaliza Makerere, nikampeleka mama Kampala kwenye mahafali. Siku moja kabla mdogo wangu akatupitisha galari ya chuo, pale kwenye shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, yule mama Mwingereza aliyeanzisha masomo ya uchoraji Makerere miaka ya 1930. Tukakuta kuna mazungumzo, watu kama ishirini hivi kwenye viti vya plastiki, Kiingereza mwanzo mwisho, mama kakaa kimya na mkoba wake mapajani, nikajua hapa hatukai dakika kumi.

Mara kwenye projekta ikaja picha iliyochorwa na Sam Ntiro. Mama aliposikia Machame akanishika mkono. Kumbe Ntiro ni wa kwetu, kazaliwa Machame 1923, kasoma hapo hapo Makerere na kufundisha, tulipopata uhuru akawa balozi wa Tanganyika kule London. Ile picha kaichora 1956, wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na sasa hivi iko MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa kule New York. Mtoa mada akaeleza vizuri tu mambo ya rangi na mpangilio, halafu akauliza nani ana la kuongeza.

Mama akasimama. Akaniambia, mwambie hiyo ni mbege.

Basi nikawa mkalimani. Akaeleza ndizi zinavyoivishwa, zinavyochemshwa kutwa mpaka zibadilike rangi, zinakaa, zinachujwa, ndo unaweka uji wa kimea cha ulezi, na magome ya msesewe ili ipate ule uchungu wake. Akasema ya kupeleka ukweni haipikwi na mtu yeyote tu, anatafutwa mwenye mkono wake, maana ikiharibika ni aibu ya ukoo mzima, kwa hiyo hao wanaume mnaowaona wamebeba heshima ya watu wengi. Mtoa mada akatoa daftari akaniomba nimwandikie neno msesewe, herufi kwa herufi. Watu wakapiga makofi, binti mmoja akaja kumwambia weebale nnyo nnyabo, mama hajui Kiganda ila alielewa.

Sasa faida ndo hiyo. Picha ile ingeniingia jichoni ikatoka, ila kwa vile kulikuwa na mtu wa kuongea na akakubali kusikiliza, mama aliyeishia darasa la saba kawafundisha wanachuo kitu ambacho hawakuwa nacho, na yeye karudi nyumbani anajua kuna mtoto wa Machame picha yake inatazamwa Marekani. Mpaka leo wageni wakija anawasimulia, ameshaongezea na mchoraji Elimo Njau wa Marangu, aliyesoma hapo hapo Makerere halafu akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi 1965.

Lakini niseme na upande wa pili maana uliniuma. Nilivyorudi nikapata hamu, nikaenda kwenye maonyesho ya chuo kimoja huku kwetu, Alhamisi saa nane mchana, yaani muda ambao mtu wa duka anaacha hela mezani. Getini nikaulizwa kitambulisho cha mwanafunzi, nikabembeleza nikaruhusiwa, ndani hakuna hata mtu wa kuuliza, vibandiko vyote Kiingereza, nikazunguka dakika tano nikatoka.

Wenye vyuo naomba wafanye Jumamosi, waongee Kiswahili, getini wamwambie mlinzi kwamba wageni wanakaribishwa. Wakitaka mama aje kuongea, nauli nitamlipia mimi, na mbege atapika mwenyewe akiambiwa mapema, maana inataka siku kadhaa.