Ruzuku ikiingia, ianzie pale umaskini unapokutoza zaidi

Mtu asiye na fedha hununua ghali kuliko mwenye nazo. Hili nimelijua kwa kuandika daftari la matumizi la mama yangu hapa Pasua, Moshi, tangu kaya yetu ilipoingizwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulio chini ya TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii unaozipa kaya hizo ruzuku ya fedha. Mkaa wetu ulikuwa wa kopo. Mafuta ya kula yalikuwa ya kupima, sabuni ya kipande, sukari ya kufungwa kwenye kimfuko. Ukijumlisha makopo ya mwezi mzima unakuta tumelipa kuliko jirani aliyenunua gunia lake mara moja, naye bado ana mkaa stoo. Mama hakuwa mfujaji hata kidogo. Ni kwamba fedha ya gunia haikuwahi kukaa mkononi mwake siku moja.

Kwa hiyo nawaambia walengwa wapya, na hasa akina mama ambao ndio mara nyingi husimama dirishani kupokea: kabla hujawaza biashara, kaa na watu wa nyumbani mtafute ni wapi mnatozwa zaidi kwa sababu tu hamna. Ruzuku ya kwanza ipeleke huko.

Mpango huu ulianza mwaka 2012, na ruzuku hutolewa kwa awamu, kila baada ya miezi miwili. Kiasi si kikubwa, na sijaona kaya inayoishi kwa ruzuku peke yake. Baba yangu hakuacha kazi ya saidia fundi, wala mama hakuacha kuuza ndizi. Nguvu ya fedha hii iko kwenye kuja kwa mkupuo. Kibarua kinaleta elfu tano ambayo imeshaliwa kabla jua halijazama. Ruzuku inakupa nafasi ya kununua kitu kabla hakijakulazimisha.

Kwetu tulianza na deni la dukani. Mangi, mwenye duka wa mtaa, alikuwa mtu mwema, alitukopesha siku ambazo bila yeye tungelala njaa, na sitasahau. Lakini mwenye deni hachagui duka. Unaogopa kupita mbele yake na mfuko uliotoka sokoni Mbuyuni, kwa hiyo hata ukipata shilingi unairudisha kwake, kwa bei yake, na unga unaanza kuandikwa upya. Mama alipolipa lile deni lote, kesho yake alikwenda Mbuyuni kwa miguu akanunua maharage kwa sado na dagaa wa kutosha. Tofauti ya bei ilionekana wiki ileile, na uso wake pia ulibadilika. Anamsalimia Mangi akiwa amenyanyua kichwa, na bado ananunua kwake chumvi na kiberiti.

Deni la pili ni baya zaidi, lile la kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Mnajua marejesho ya kila wiki yanavyomfanya mama wa watu ajifiche akisikia pikipiki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, kwa hiyo una haki ya kuuliza leseni yake na kudai mkataba unaoonyesha riba. Kama una deni la namna hiyo, lipunguze kabla ya kitu kingine chochote. Na nakusihi kwa moyo wote, usichukue mkopo mpya kwa kuahidi ruzuku ijayo. Panga kwa kilichopo mkononi, kwa sababu siku za marejesho hazisubiri siku ya malipo.

Wengi watanipinga kwenye hili linalofuata: tenga fedha ya msiba. Nimewasikia watu wakisema maskini anapewa hela ya watoto halafu anaipeleka kwenye michango. Wanaosema hivyo hawajawahi kuwa kaya ambayo balozi wa nyumba kumi akipita na karatasi ya michango anairuka nyumba yao. Sisi tuliwahi kurukwa. Hakuna aliyetutukana, walituonea huruma tu, na huruma ile ilimuumiza mama kuliko matusi. Mtu asiyechangia hukaa pembeni kwenye kikao, haulizwi neno, na kwake kukifika jambo anaona aibu kuita watu. Mama alipoanza kulipa mchango wa kikundi cha kuzikana, kidogo kidogo, alirudi kuwa mtu wa mtaa. Alipougua, wale akina mama walikuja na unga, wakafua, mmoja akalala naye. Hiyo ndiyo bima tuliyokuwa nayo, na ilinunuliwa kwa ruzuku.

Chakula nacho kina majira yake. Mahindi ya masika huku tambarare huvunwa kuanzia Julai hivi, na bei hushuka. Ikifika Februari na Machi debe limepanda. Ruzuku inayoangukia wakati wa mavuno, sehemu yake inunue mahindi makavu. Yakaushe vizuri, uyafunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, hufa kwa kukosa hewa, huhitaji kuweka dawa. Sare vilevile. Ada ilifutwa kuanzia 2016 hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado ni vya mzazi, na michango ya chakula cha shule haijatuacha. Usisubiri Januari. Nunua viatu soko la Memorial mapema, watu wakiwa hawajajaa.

Masharti ya ruzuku kuhusu mahudhurio yasikutishe. Mtoto anatakiwa awe shuleni angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na walio chini ya miaka 5 wapelekwe kliniki. Mdogo wangu alikuwa akikosa shule siku ambazo hakuna kitu asubuhi, maana mtoto hawezi kutembea na njaa. Uji ulipopatikana, mahudhurio yalikuja yenyewe.

Wengi hukimbilia kuku, na ni wazo zuri, ila kuku bila chanjo ni fedha iliyowekwa njiani. Ugonjwa wa kideri ukipita unafagia banda zima. Ipo chanjo ya tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko ulio nao. Ndiyo maana inafaa majirani mnunue pamoja na kuchanja siku moja. Muulize ofisa mifugo wa kata kabla hujanunua hata tetea mmoja.

Kuhusu maneno ya watu. Utasikia kwamba fedha hizi zinalemaza, zinaishia kwenye pombe ya mbege. Kabla mpango haujaenea, ulijaribiwa kuanzia mwaka 2010 Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, na watafiti wakalinganisha vijiji vilivyopokea na vile ambavyo havijapokea. Kaya zilizopokea zilikuwa na mbuzi na kuku zaidi, zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, na watoto wao walivaa viatu zaidi. Nakumbuka viatu kwa sababu na kwetu vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza. Anayekusema mjibu kwa upole, au usimjibu. Lakini ndani ya nyumba msifichane. Mama hupokea, ila jioni ya kabla ya malipo sote tunakaa, baba akiwepo, na daftari linasomwa kwa sauti. Mume asiyejua kiasi atabuni chake, na ugomvi mwingi niliouona mtaani kwetu ulianzia hapo.

Jiungeni pia kwenye kikundi cha kuweka akiba, hata kwa hisa ya chini kabisa, kwa sababu kuna kuhitimu. Kaya hutathminiwa tena, na ikionekana imejimudu hutolewa. Aliyejiunga kikundini mapema anaondoka na sehemu ya kukopa kwa watu wanaomjua. Kikundi cha wanawake kikisajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri. Zile asilimia kumi za mapato ya ndani zimegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na kuziomba ni haki yenu.

Mwisho kwa wanaolipwa kwa simu. Hakikisheni laini imesajiliwa kwa jina la mpokeaji mwenyewe, si la mtoto wala shemeji. Bibi zetu wengi humpa wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Mjukuu mmoja aende naye, amfundishe kubonyeza mwenyewe, na ujumbe wa malipo usifutwe mpaka kiasi kiwe kimeandikwa kwenye daftari. Kikipungua, nenda nao ujumbe huo kwa kamati ya mtaa wakati bado upo kwenye simu.