Palilia kwanza, urea baadaye

Msimu wangu wa kwanza wa mahindi, kwenye shamba la barabara ya Kipushi, nililisha magugu. Mvua za Novemba zilikuwa zimeshika vizuri, mahindi yakaota kijani kabisa, nami nikatulia. Wiki ya nne yakaanza kupauka. Nikakimbia mjini Lubumbashi kununua mfuko wa urea, mbolea ya kuongeza naitrojeni, nikaurusha shambani kwa mkono huku majani yamenifika magotini. Siku kumi baadaye lengalenga, ule mchicha pori, ilikuwa na kijani kizito cha kupendeza, na mahindi yamebaki vilevile, membamba, yamebanwa katikati. Mama mmoja tunayepakana naye akasimama kwenye mpaka: «Mwanangu, chakula umewapa wageni, wenyeji wamelala njaa.»

Kilichonidanganya ni ule ukijani wa mwanzo. Punje ya hindi ni kubwa, ina akiba yake. Kwa wiki mbili hivi mche unaishi kwa akiba hiyo, na hata udongo ukiwa maskini huoni kitu. Mbegu ya lengalenga ni chembe tu. Haina akiba ya maana, kwa hiyo mizizi yake inaanza mapema kufyonza naitrojeni ya udongo. Hindi linapomaliza chakula chake na kuanza kutafuta, linakuta mwenzake ameshakula.

Halafu linashindwa mara ya pili. Mmea wenye njaa ya naitrojeni huelekeza nguvu kwenye mizizi, majani yanabaki madogo. Majani madogo hayafuniki nafasi kati ya mistari, jua linapiga udongo mtupu, na mbegu za magugu zilizolala zinaamka.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua mfuko, inama uangalie jani la chini. Njaa ya naitrojeni huanzia kwenye ncha, ikashuka kwa kufuata mshipa wa katikati, kingo zikiwa bado kijani. Njano hiyo ina umbo la herufi V. Mmea huhamisha naitrojeni kutoka majani ya zamani kwenda machanga, ndiyo maana la chini hufa kwanza. Zikiungua kingo, shuku potasiamu. Mche ukigeuka zambarau, mara nyingi ni fosforasi, na hapo urea haitakusaidia.

Magugu nayo yasome. Lengalenga nene hupenda jalalani na karibu na zizi, palipo na naitrojeni nyingi. Ukiiona inachanua ikiwa haijapita kifundo cha mguu, na nyasi zile za mizizi mikali kama sindano zinazidi kutawala, ardhi imechoka.

Sasa mimi hupalilia wiki ya pili au ya tatu, kabla hindi halijaonyesha njaa. Magugu yasiyo na mbegu nayaacha juu ya udongo yaoze, yarudishe yalichochukua. Siku moja au mbili baadaye, udongo ukiwa na unyevu, naweka urea: kifuniko kimoja cha soda kwa shimo, kama sentimita 10 kutoka shinani, nafukia. Usiiache juu. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na kwenye joto letu sehemu yake hupotea hewani kama gesi ukiimwaga tu. Wenye pesa kidogo, nawaomba sana: bora nusu mfuko kwenye shamba safi kuliko mfuko mzima kwenye msitu.

Jambo jingine lililoniumiza: niliwahi kufukia mabua makavu muda mfupi kabla ya kupanda. Vijidudu vinavyoozesha mabua vinahitaji naitrojeni pia, vikaichukua ya udongoni, mahindi yakawa njano mwezi mzima. Mabua makavu yatandaze juu.

Soya ni habari tofauti kabisa. Inajitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria walio ndani ya vinundu vya mizizi yake, kwa hiyo kwenye ardhi yenye njaa ina nafasi nzuri mbele ya magugu. Ukiimwagia urea unayainua magugu, na vinundu vya mizizini vinapungua. Msimu uliopita niling'oa shina moja lilipoanza kuchanua, nikapasua kinundu kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama, maana yake kinafanya kazi. Nikafukia shimo, na kipande kile sikukipa urea hata kifuniko kimoja.