Maswali Yenu: Mume Ninaye, Lakini Nimemzimikia Mwigizaji

SWALI: Nina miaka 44, mume ninaye, na watoto wawili. Miezi mitatu sasa nimemzimikia mwigizaji wa tamthilia kama msichana wa shule. Usiku narudia vipande vyake, nikisikia sauti yake moyo unanienda mbio. Nimechanganyikiwa? Nimwambie mume wangu?

JIBU: Hujachanganyikiwa, dada. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, walishaueleza ukaribu huu wa upande mmoja: mtazamaji anamwona mtu wa kwenye televisheni kama anayezungumza naye ana kwa ana, ilhali yule wa kwenye televisheni hata hajui kama mtazamaji huyo yupo. Umri hauzuii kitu.

Kinachokuteka hasa ni picha ya karibu. Uso unaletwa mpaka unajaza skrini, taa inawekwa mbele ili macho yang'ae (tazama vizuri kwenye mboni, utaiona nukta nyeupe), na lenzi inafifisha kila kilicho nyuma. Tukio limerudiwa mara kadhaa, kisha mhariri akachagua sekunde nne zilizokaa vizuri kuliko zote. Maishani, uso wa ukubwa huo ni wa mtoto unayemnyonyesha au wa mtu mliyelalia mto mmoja. Mwili wako unaitikia ukaribu ambao haupo. Na yale maneno matamu, kuna mwandishi aliyelipwa kuyaandika.

Kwa hiyo mpime. Tafuta mahojiano yake marefu, ya nusu saa hivi, ambayo hakuandikiwa cha kusema. Halafu tazama kazi yake nyingine aliyocheza mtu katili au mpumbavu. Hisia zikipoa, ulimpenda mhusika. Zikibaki, basi ni sura na sauti, na hilo nalo si kosa.

Kisha andika vitendo vitatu vinavyokuyeyusha. Usiandike "ni mzuri". Andika "anamsikiliza mwanamke mpaka amalize". Mara nyingi hicho ndicho kilichopungua nyumbani, na unaweza kumwomba mumeo bila kumtaja mwigizaji. Ukitaka kumwambia, mwambie kwa utani, kama ninyi ni watu wa kutaniana. Kinachoumiza ni kulinganisha, na ulinganisho wenyewe si wa haki: yule ana mtu wa nywele, mtu wa nguo na mtu wa taa.

Vile vipande vya usiku vipunguze. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kitu tukikiona mara kwa mara tunaelekea kukipenda zaidi, kwa mazoea tu. Nayo programu ya simu unayotazamia ikishaona umeganda kwenye uso wake, inakuletea mwingine, na mwingine. Zima video zinazojiendesha zenyewe, na simu ilale nje ya chumba. Ukianza kuamini kwamba anakutumia ishara za siri ndani ya tamthilia, hapo muone daktari wa afya ya akili bila kuchelewa.

SWALI: Nina miaka 52, ninayempenda ana 27. Ni aibu?

JIBU: Ni mtu mzima, na macho hayalipi ushuru. Ila unapoandika maoni chini ya picha zake, kumbuka mama yake naye huenda anayasoma.

SWALI: Mwigizaji ninayempenda kanitumia ujumbe. Ameniomba tuhamie programu nyingine, na sasa anataka kadi za zawadi ili "meneja asijue". Ni yeye kweli?

JIBU: Si yeye. Kukuhamisha, kukutaka ufiche na kuomba kadi za zawadi ni mwendo uleule wa matapeli. Usimjaribu kwa kumwomba mpigiane simu ya video, maana siku hizi uso na sauti vinaigizwa kwa akili mnemba. Piga picha ya skrini ya mazungumzo yote kabla hajayafuta, ripoti akaunti, halafu mfungie. Kama umeshatuma namba za kadi, pigia kampuni iliyoitoa saa hiyohiyo, kwani salio ambalo halijatumiwa wakati mwingine huzuiwa. Kama ulilipa kupitia benki, anza na benki. Na akitokea "wakili" anayeahidi kukurudishia fedha zako kwa ada kidogo, usimjibu: mara nyingi ni tapeli yuleyule, kabadilisha jina tu.